Mkurugenzi na Ukuta Wake wa Moto

Kwa heshima na taadhima, umma unatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili za asubuhi, hakuna nyumba itakayoruhusiwa kutumia intaneti bila kuwa na ukuta wa moto. Ukuta huo usipungue inchi sita kwa unene, usiwe na ufa, na upakwe rangi ya kijivu. Atakayekaidi, kipanganjia chake kitafungwa kwa lakiri ya serikali.

Tangazo lilitoka Mamlaka ya Kuta za Moto za Majumbani, ofisi yenye umri wa miezi miwili lakini iliyokuwa tayari na mihuri kumi na mmoja. Kipanganjia, kwa faida ya wale ambao hawakupata waraka wa istilahi, ni kile kijisanduku chenye taa za kuwakawaka ambacho watu wasiopata waraka hukiita rauta.

Mtaa mzima wa nyuma ya soko alikabidhiwa Mkaguzi Daraja la Pili, mtu mrefu, mpole, ambaye kila mtu alimwita Bwana Futi kwa sababu ya futi ya kupimia iliyoning'inia kiunoni mwake hata siku za harusi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipima nyua katika Idara ya Nyua na Mipaka. Idara hiyo ilivunjwa siku ilipogundulika kwamba nyua zote zilishapimwa, nyingine mara nne. Watumishi mia mbili walikuwa wanakaribia kumwaga unga ndipo huko juu mtu akasikia kwamba intaneti za majumbani hazina ukuta.

"Ukuta ni ukuta," alisema Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka mpya, na wote mia mbili wakahamishwa kwa barua moja.

Mafunzo yalichukua siku tatu. Mkufunzi alionyesha picha ya ukuta wa matofali unaowaka moto. Upande huu kompyuta, upande ule jambazi aliyejifunika uso. "Huyu," alisema akimgonga jambazi kwa fimbo, "hawezi kupita hapa." Hakuna aliyeuliza kwa nini jambazi asizunguke pembeni, maana chai ilikuwa imeshafika.

Bwana Futi alilipokea jukumu kwa moyo mkunjufu. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa ya dereva mstaafu wa treni, mzee mtiifu ambaye alikuwa ametekeleza tangazo kabla ya muda. Katikati ya sebule aliijengea rauta yake kijumba cha matofali ya kuchoma, pande zote nne, na juu akakifunika kwa bamba la zege.

"Hongera, mzee wangu. Na mtandao unaendaje?"

"Hauendi, mwanangu. Tangu niweke lile bamba sijaona hata picha moja ya mjukuu."

"Lakini kuna yeyote aliyewahi kuingia bila ruhusa?"

Mzee akafikiri, kwa kuwa hakutaka kusema uongo mbele ya serikali. "Hata mwenye ruhusa hajaingia."

Bwana Futi akaandika kwenye fomu: *Usalama, asilimia mia.*

Hadi Jumatano jioni alikuwa amepitisha nyumba thelathini na moja. Katika zote hakuna intaneti iliyokuwa ikifanya kazi, na katika zote hakuna aliyelalamika kuingiliwa. Takwimu hizo zilimfurahisha sana Mkurugenzi Mkuu. Alizisoma redioni mwenyewe.

Alhamisi, Bwana Futi alipanda ngazi za jengo moja lenye duka la viatu chini, akabisha hodi ghorofa ya pili. Mlango ulifunguliwa na mama mmoja aliyevaa blauzi nyeusi isiyo na urembo wowote. Aliweka kidole mdomoni, akamwonyesha kiti, akarudi mbio mbele ya kompyuta yake.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na watu wawili: daktari aliyevaa koti jeupe, na mwanamume mwenye macho mekundu aliyekuwa akizungumza kwa mikono, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa.

"Anauliza," yule mama alimwambia daktari, "je, akishapasuliwa, mtoto ataweza kumeza chakula? Na je, anaweza kulala naye wodini?"

Daktari akajibu. Mikono ya mama ikaruka hewani, vidole vikikunjwa na kukunjuliwa, nyusi zikipanda na kushuka. Yule mwanamume alitazama mpaka mwisho. Kisha mabega yake yakashuka, akacheka, akajifuta machozi kwa kiganja, akagusa kidevu chake na kuunyoosha mkono mbele.

"Anashukuru," alisema mama, na sauti yake mwenyewe haikuwa imetulia sana.

Bwana Futi alikuwa amesimama na futi mkononi, na alikuwa amesahau kupima.

"Samahani kwa kukuweka, kaka," mama alisema alipovua visikizi. "Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Hospitali ile haina hata mtu mmoja anayeijua, kwa hiyo wananipigia hapa hapa nyumbani. Karibu. Wewe ni wa nini?"

"Mamlaka. Nimekuja kuhusu ukuta wa moto."

Uso wa Mkalimani ukachanua. "Hatimaye! Nilidhani serikali imelala. Njoo uone wangu."

Bwana Futi akamfuata akitazama huku na huku, akitafuta tofali. Mkalimani alimvuta hadi kwenye kompyuta, akaandika maneno mawili, ukafunguka ukurasa wenye orodha ndefu.

"Huu hapa."

"Dada yangu, huu ni ukurasa."

"Na ukuta ndio huu. Sikiliza, kaka. Rauta ni mlango wa nyumba yangu. Huko nje kuna mashine zinapita mchana kutwa zikijaribu vitasa vya kila nyumba, wapi pamefungwa, wapi pamesahauliwa. Ukuta wa moto ni programu iliyomo ndani ya rauta. Nilichokiita mimi kinaingia. Ambacho sikukiita kinabaki nje, na jina lake linaandikwa. Umeona? Hawa wote wamejaribu leo."

Bwana Futi akainama. Mia nne na kumi na wawili. "Wote hawa, leo?"

"Na bado hatujala mchana."

Miaka kumi na tisa katika nyua, Bwana Futi hakuwa amewahi kuona ua unaoandika jina la aliyejaribu kuuruka. Alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

Mkalimani alimweleza mengine. Paswedi ambayo rauta ilitoka nayo kiwandani aliibadilisha siku ile ile ya kwanza. Rauta aliisasisha kila mara mtengenezaji alipotoa toleo jipya, kwa sababu matoleo hayo huziba matundu yaliyogunduliwa. Njia ya kuiendesha kutoka mbali aliifunga kabisa. Wageni wake aliwapa waifai yao ya pembeni, wasichanganyike na mambo ya wagonjwa. Na kuhusu kutegemeka, aliiweka rauta juu ya kabati ipate hewa, akaiunganisha na betri ndogo. "Umeme ukikatika daktari akiwa katikati ya sentensi, nitamwambia nini mzazi? Subiri urudi?"

"Umeifanya vizuri sana," alisema Bwana Futi, na alimaanisha. Kisha akafungua fomu, na fomu ikamrudishia akili za kikazi. "Unene wa ukuta?"

"Hauna unene, kaka."

"Lazima niandike kitu."

Alipima kilichokuwepo: ukuta wa mbao nyembamba uliotenga sebule na chumba cha kulala. Robo tatu ya inchi. Akaandika, akafanya hesabu, akakohoa.

"Umefeli."

"Nimefeli nini?"

"Inchi tano na robo."

Mkalimani alicheka mpaka akashika meza. Aliponyanyua macho na kuona mwenzake hacheki, kicheko kikamkauka. Bwana Futi alikuwa anamsomea, kwa sauti ya chini, kifungu cha nne: siku saba za kujenga, la sivyo kipanganjia kifungwe lakiri.

"Mtoto wa yule baba anapasuliwa Ijumaa ya wiki ijayo," Mkalimani alisema. "Ukiifunga rauta Alhamisi, nani atamwambia baba kinachoendelea?"

Bwana Futi aliitafuta sehemu ya kuandika hilo kwenye fomu, akaikosa. Aliacha nakala mezani, akashuka ngazi taratibu, na siku hiyo hakukagua nyumba nyingine.

Alipofika kwake jioni aliigeuza rauta ya nyumbani akasoma karatasi iliyobandikwa chini. Jina: *admin*. Paswedi: *1234*. Hakuwa amewahi kuibadilisha.

"Mke wangu, kuna mtu mwingine anayejua paswedi yetu?"

"Hiyo?" mkewe alijibu kutoka jikoni. "Mtaa mzima. Unadhani kwa nini tunasalimiwa vizuri hivi?"

Kesho yake Bwana Futi alipiga moyo konde, akapeleka waraka wa ukurasa mmoja kwa Mkurugenzi Mkuu. Ofisi ilikuwa na zulia zito, na nyuma ya meza kulikuwa na tofali moja la mfano ndani ya kisanduku cha kioo. Mkurugenzi, mtu mnene mwenye sauti ya kufungulia mikutano, alisoma waraka akitembeza kidole.

"Unasema hapa kwamba ukuta wa moto ni... programu."

"Ndiyo, mzee. Uko ndani ya kipanganjia chenyewe. Nimeuona."

"Umeupima?"

"Haupimiki, mzee."

"Basi haupo." Alisema bila hasira, kama baba anayemwelewesha mwanawe. "Kijana wangu, programu haina tofali. Sasa niambie, tukisema ni programu, yale matofali laki tatu yaliyoko bohari tutayaeleza vipi? Na wakaguzi mia mbili? Wewe mwenyewe utapima nini?"

Bwana Futi akatazama futi yake.

"Unaona?" Mkurugenzi akamrudishia waraka. "Wewe una bidii, ila umesoma upande mbaya. Alhamisi njoo uone ukuta wenyewe. Nazindua Nyumba ya Mfano, kwangu. Waziri anakuja, na inarushwa moja kwa moja nchi nzima. Halafu, kuna nyumba moja kwenye orodha yako imefeli. Ya mkalimani. Siku zake saba zinaisha Alhamisi hiyo hiyo. Kabla ya uzinduzi nataka rauta... kipanganjia kile kiwe kimefungwa. Tusianze na doa."

Alhamisi, saa nne asubuhi, Bwana Futi alipanda tena zile ngazi. Mkononi alikuwa na lakiri, mshumaa na kiberiti, na moyoni alikuwa na jiwe. Mkalimani alimfungulia akiwa amevaa ile blauzi nyeusi.

"Najua kilichokuleta," alisema. "Kabla hujawasha kitu, soma hii."

Ilikuwa barua ya Mamlaka yenye mihuri mitatu. Ilimwagiza Mkalimani kutafsiri kwa lugha ya alama, *kutoka makazini kwake na kwa kutumia kipanganjia chake*, uzinduzi wa Nyumba ya Mfano, saa tano kamili. Sheria ilidai kila tangazo la serikali liwe na mkalimani, na mkalimani alikuwa ni yeye tu.

Bwana Futi akaiweka ile barua kando ya hati yake ya kufunga. Sahihi ilikuwa moja. Tarehe moja. Hata doa la wino la muhuri wa pili lilikuwa mahali pale pale.

"Hii inasema nikifunge kabla ya saa tano," alisema.

"Na hii inasema saa tano nikitumie."

Alizisoma tena zote mbili, neno kwa neno, maana kusoma vifungu ndicho kitu pekee alichokiweza kuliko kupima. Kisha uso wake ukalegea. "Hati yangu inasema kifungwe *mbele ya mkaguzi*. Haisemi mkaguzi awe na haraka. Nitakaa hapa mbele yake."

"Kaa basi, kaka. Ila usipite nyuma yangu, utaonekana."

Saa tano kamili nyumba ya Mkurugenzi ilitokea kwenye kioo, na Mkalimani ndani ya kipembe chake chini. Bwana Futi alitazama kutoka kwenye kiti chake. Uani kulikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa, watumishi wa Mamlaka, na Mheshimiwa Waziri, mama mfupi mwenye miwani, ambaye tayari alikuwa ameangalia saa mara mbili. Mbele yao, palipokuwa na maktaba zamani, kulisimama chumba cha matofali mawili mawili, inchi kumi na mbili, chenye dari la zege na mlango wa chuma uliojifunga wenyewe na kufunguliwa kwa nje tu, wenye kidirisha cha kioo kizito. Pembeni alikaa mlinzi aliyenyooka kama mstari, ufunguo kiunoni. Kamera na mitambo yote ya kurushia matangazo iliyokuwa uani ilichota intaneti kwenye kipanganjia cha Mkurugenzi, kilichokuwa ndani ya chumba hicho, kwa waya mmoja mnene uliopita mlangoni, ambao ndani yake ulikuwamo pia ule wa kukiletea intaneti kutoka nje.

"Ndani humu," Mkurugenzi alinguruma, "hakuna adui atakayeingia! Hata mlinzi wangu hafungui mlango huu ila kwa ujumbe niliomtumia mimi mwenyewe, kupitia mtandao huu huu. Karatasi inaghushiwa. Mdomo unadanganya. Mtandao wenye ukuta haudanganyi! Mheshimiwa Waziri, sasa nitajifungia ndani, nikutumie ujumbe wa kwanza ulio salama katika historia ya taifa."

"Jamani, waya," Mkalimani alinong'ona, mikono yake ikiendelea kutafsiri. "Waya umepita mlangoni."

Mkurugenzi akaingia, akapunga mkono, akavuta mlango wa chuma kwa nguvu zake zote. Kulisikika *kracha*. Picha ikaganda, mdomo wa Mkurugenzi ukiwa wazi. Kisha ikatoweka.

Nchi nzima ikabaki na kipembe peke yake. Waongozaji wa matangazo kule kituoni, kwa kukosa kingine, walikikuza kikajaza kioo. Mkalimani akajikuta anatazamwa na taifa, mikono ikiwa hewani, bila neno la kutafsiri.

"Ndugu watazamaji," alisema kwa sauti na kwa mikono, "hapa kwangu mtandao upo."

Dakika tano baadaye simu ya mpiga picha mmoja ilirudisha matangazo, ikirusha kwa laini yake yenyewe kutoka uani. Mambo yalikuwa patashika. Ukingo wa mlango ulikuwa umeukata waya vipande viwili. Ndani ya zege lile, simu ya Mkurugenzi haikushika mtandao wowote, na sauti yake haikupenya. Kwenye kidirisha ulionekana uso wake tu, umelowa jasho, na mikono ikirushwa huku na huko.

"Fungua mlango," Waziri alimwambia mlinzi.

"Sijapata ujumbe, Mheshimiwa."

"Si unamwona?"

"Namwona, Mheshimiwa. Kanuni ya tisa inasema kumwona hakutoshi."

"Mimi ni Waziri! Nakuamuru."

"Kanuni ya kumi, Mheshimiwa: hata Waziri." Mlinzi akatoa kijitabu cha kanuni mfukoni, akakifungua ukurasa wa mwisho. "Umesaini hapa. Juzi."

Waziri akaisogeza miwani, akatazama sahihi yake kwa muda. "Nilidhani ni kadi ya mwaliko," alisema.

Ndipo akakumbuka kulikuwa na mtu aliyelipwa kuelewa mikono. Akageukia simu ya mpiga picha. "Mama mkalimani, unanisikia? Anasema nini yule?"

Mkalimani alisogea karibu na kioo, akayachunguza yale mapigo ya hewani kwa uangalifu wa kikazi. "Mheshimiwa, hiyo si lugha ya alama. Kwa kukisia tu, anaomba afunguliwe. Na hilo la mwisho siwezi kulitafsiri, kuna watoto wanatazama."

"Kukisia si ujumbe," mlinzi alisema.

"Na wewe," Waziri akamuuliza Mkalimani, "kwa nini kwako hakujakatika hata mara moja? Una ukuta wa inchi ngapi?"

Mkalimani akageuza kamera. Taifa likamwona Bwana Futi kwenye kiti, lakiri mapajani. "Mkaguzi wa Mamlaka yuko hapa, Mheshimiwa. Amekuja kuifunga rauta yangu. Yeye ndiye aliyepima."

Bwana Futi alisimama, akakaa, akasimama tena. Hakuwa amewahi kusema neno lolote hadharani isipokuwa futi na inchi.

"Robo tatu ya inchi, Mheshimiwa," alisema. "Lakini hiyo ni mbao. Haina kazi yoyote. Ukuta wenyewe ni programu, uko ndani ya rauta. Tangu asubuhi umewazuia mia tatu na themanini, na mama huyu hakukatika. Sisi... sisi tumekuwa tukipima vitu visivyohusika. Nyumba thelathini na moja nimezipitisha mwenyewe, rauta zikiwa zimefunikwa kwa matofali. Nawaomba radhi wenyewe. Hasa mzee wa treni."

Waziri alikunja miwani, akaikunjua.

"Njoo hapa na futi yako," alisema. "Haraka."

Gari la Mamlaka lilimfikisha kwa dakika ishirini. Wakati huo Mkurugenzi alikuwa ameketi chini, paji la uso likiwa limeegemea kioo. Waziri alimvuta Bwana Futi pembeni. "Mkaguzi anaweza kuamuru ukuta uvunjwe?"

"Sheria ya Nyua bado inaniruhusu, Mheshimiwa. Ila nivunje ukuta uliofeli tu." Akapima. Akapima tena, kwa haki. "Huu umefaulu. Inchi kumi na mbili. Ndio ukuta bora kuliko wote niliowahi kuukagua."

Waziri akashika kiuno. Bwana Futi akaendelea, sasa akiongea polepole, akili ikitembea juu ya vifungu kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Isipokuwa, Mheshimiwa, kama Mkurugenzi mwenyewe atabadilisha maana ya ukuta wa moto. Ikiwa ni programu, basi hiki hapa si ukuta wa moto tena. Ni chumba kilichoongezwa bila kibali. Hicho nakivunja leo leo."

"Mlinzi hapokei karatasi."

"Mimi napokea."

Aliandika kwa herufi kubwa nyuma ya fomu, akabandika kwenye kidirisha: *TAFADHALI FAFANUA UKUTA WA MOTO NI NINI. SAINI.*

Mkurugenzi alisoma. Aliyatazama matofali yake, upande mmoja hadi mwingine. Akaangalia dari. Yeyote aliyekuwa uani aliuona wakati ule ambapo mtu anapigana na miezi miwili ya hotuba zake mwenyewe. Kisha akatoa karatasi za hotuba mfukoni, akazigeuza, akaandika huku akifuta jasho, akazibandika kwenye kioo:

*Ukuta wa moto ni programu. Tofali halihusiki.* Chini yake, sahihi, cheo chote, na, kwa mazoea, *Nakala: Waziri.*

"Imepokelewa," alisema Bwana Futi. Akageukia umati. "Chumba hiki hakina kibali. Leteni nyundo."

Mlinzi hakupinga. Kanuni zake zilihusu mlango, na hakuna aliyekuwa anaugusa mlango. Watumishi wa Mamlaka, waliochoshwa na mwezi mzima wa kusambaza matofali, walipiga kwa furaha isiyo ya kawaida katika utumishi wa umma. Nusu saa baadaye Mkurugenzi Mkuu alitoka kwa kutambaa, mweupe kwa vumbi kuanzia utosini, tai ikiwa imegeukia mgongoni. Mkalimani, aliyekuwa bado anatafsiri kwa ajili ya wasiosikia, aliinua mikono yote miwili akaitikisa hewani. Wote waliokuwa uani, walipomwona kwenye simu ya mpiga picha, waliielewa ishara hiyo bila kuelezwa, wakaiga: ni makofi.

Kesho yake, Ijumaa, mtoto alipasuliwa. Baba alikaa mbele ya kioo cha kompyuta pale hospitalini saa tatu nzima, na kila mara daktari aliposema neno, alilipata. Uvimbe ulitoka wote. Jumapili mtoto alimeza uji, akadai mwingine.

Matofali laki tatu yaligawiwa hospitali hiyo hiyo, iliyokuwa ikihitaji wodi. Na Mamlaka iliagizwa na Waziri ijifunze upya, kuanzia juu kwenda chini. Mwalimu aliteuliwa Mkalimani, msaidizi wake Bwana Futi, na darasa la kwanza likafanyikia nyumbani kwa Mkurugenzi, mbele ya rauta yake, iliyofutwa vumbi na kuungwa waya mpya.

"Tunaanza na paswedi, mzee," alisema Mkalimani. "Bado una ile ya kiwandani."

"Nywila," Mkurugenzi alisahihisha, akijinyoosha kitini. Aliisogezea mashine mikono yake minene, akaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi: *mkurugenzi*.

Kwenye kioo likatokea neno jekundu: *Dhaifu.*

Akakunja uso. Akafuta, akaandika: *mkurugenzimkuu*.

*Dhaifu.*

Bwana Futi aliuma midomo, akatazama dirishani. Mkurugenzi alitazama kushoto na kulia, akainamia mashine kama anayetaka kuzungumza nayo faragha, akaandika yote, bila kuruka: *mheshimiwamkurugenzimkuu*.

Mashine ilifikiri kidogo, kwa adabu.

*Dhaifu sana*, ilijibu. *Cheo hiki kinafahamika na kila mtu.*